Lita Sitini

20 Februari. Mvua: hakuna.

Nimeandika mvua ya hapa Maretadu kwa miaka kumi na tisa, tangu Bwana Shamba aliponikabidhi kipima mvua na kuniambia nikisome kila siku saa tatu asubuhi. Pembeni kuna nafasi ya "maelezo mengine". Miaka yote nimeijaza viwavijeshi na ugonjwa wa maharage. Mwaka huu nimenunua daftari kubwa zaidi, maana maelezo mengine yamekuwa mengi kuliko mvua.

Irene, binti yangu wa mwisho, alirudi Januari. Miaka saba alikuwa Dar es Salaam akitunza samaki wa mapambo hotelini, wale wa baharini wanaofugwa ndani ya vioo. Siku moja jenereta ilizimika, pampu zikasimama, na kulipokucha samaki wote walikuwa wanaelea. Walimwachisha kazi. Alishuka na begi moja na ndoo ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, na tangu hapo anakaa jikoni kama mgeni anayesubiri kuondoka. Ukimwambia kwamba jenereta si mali ya mama yake, anajibu, "Zamu ilikuwa yangu, baba," na maongezi yanaishia hapo.

Leo amekuja Sada wa Dongobesh. Huyu ana nyumba ya wageni, na zamani alikuwa akiuza mitumba mnadani pamoja na marehemu mke wangu Efrazia. Anataka tangi la samaki wa baharini sebuleni kwake, kitu ambacho Babati hawana wala Karatu hawana. Lakini ana wasiwasi kama samaki wa joto la pwani ataiweza baridi yetu. Tukakubaliana hivi: Irene ajaribu hapa nyumbani kwangu. Samaki wakiishi mpaka mvua zitakapokwisha, kazi ya Dongobesh ni yake.

Nilimwona mwanangu akiinua uso. Sijamwona hivyo tangu arudi.

22 Februari. Mvua: hakuna. Upepo.

Tumebishana kuhusu ukubwa wa tangi. Irene anataka lita mia tatu. Nimemuuliza kama anafuga samaki au mamba. Samaki wenyewe ni wawili, urefu wa kidole changu. Mimi nimesema lita sitini zinatosha. Mtu anayeanza huanza na kidogo: robo eka, mtamba mmoja, kuku watano. Ukiharibu, umeharibu kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Yeye anasema kwa maji ya bahari ni kinyume. Tangi dogo ni la fundi aliyebobea, la anayeanza ni kubwa. Sikukubali. Akajaribu tena kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto wa darasa la kwanza, jambo ambalo lilinikera zaidi.

"Baba, sufuria ya chai ukiisahau dakika kumi imeungua. Sufuria ya msibani, hata mpishi akisinzia, chakula kinaliwa. Maji mengi yanasamehe. Maji machache hayasamehe."

Nimemwambia nimelima kabla hajazaliwa. Akasema ni kweli, akaenda kuosha vyombo.

1 Machi. Mvua: milimita 4, ya kwanza.

Nimekwenda Dongobesh kwa Modest, fundi wa vioo, yule anayetengeneza madirisha na makabati ya maduka. Urefu sentimita sitini, upana thelathini, kimo thelathini na tano. Sikumwambia Irene. Nilijua likishafika nyumbani hatalikataa, kwa sababu hajalelewa kukataa kitu anachopewa na baba yake. Nakiri hesabu hiyo niliipiga nikiwa njiani.

3 Machi. Mvua: milimita 11.

Tangi limefika. Irene alilizunguka, akalipima kwa rula, akasema, "Sawa, baba. Asante." Mama yake naye alikuwa na "sawa" ya namna hiyo.

4 Machi. Mvua: milimita 19.

Hataki maji ya bomba wala ya kwenye bati, anasema bati linatoa kutu na sumu ya madini. Ametandaza mabeseni uani yanayopokea mvua moja kwa moja kutoka mbinguni. Jirani Felician amepita akauliza kama nimeanza kuuza mvua.

7 Machi. Mvua: milimita 23.

Tangi limejaa. Chumvi imechanganywa, pampu inanguruma, mawe yamo ndani. Samaki hakuna. Nilipouliza, nimeambiwa tusubiri wiki tano, maji yakomae, vijidudu vya kusafisha uchafu vizaliane kwenye mawe. Hilo nimelielewa bila kubishana. Samadi mbichi nayo inaunguza mahindi.

12 Machi. Mvua: milimita 8. Tumepanda maharage.

15 Machi. Mvua: milimita 31. Maji yapo, samaki hakuna.

21 Machi. Mvua: milimita 14. Maji yapo, samaki hakuna. Felician ameleta wageni kuja kuona maji.

2 Aprili. Mvua: milimita 27.

Irene anaimba akiwa anapima maji. Hajui kwamba anaimba. Nilikaa mlangoni na jembe langu mpaka akamaliza.

9 Aprili. Mvua: milimita 6.

Samaki wamefika kwa basi, ndani ya mfuko uliojazwa hewa, ndani ya boksi, ndani ya blanketi. Ni wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, na waliponiangalia nilisahau kwamba niliapa kutowajali. Mkubwa anamsukuma mdogo kila anapopita. Nimemwita mkubwa Mwenyekiti na mdogo Mtendaji. Irene amecheka sana, halafu akaniambia Mwenyekiti ni jike. Nimesema hata kijijini kwetu siku hizi inawezekana.

11 Aprili. Mvua: milimita 38. Umeme ulikatika saa nne.

Irene amelifunika tangi kwa blanketi langu. Anasema maji machache yanapoa haraka. Pia yanakauka haraka kwa sababu ya hita, hivyo asubuhi na jioni anaongeza maji matupu ya mvua mpaka kwenye mstari alioupiga kwa kalamu ya wino. "Lingekuwa la mia tatu, ningeweza kwenda hata msibani bila wasiwasi," amesema. Hakusema kwa ugomvi, alikuwa anawaza tu. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

14 Aprili. Mvua: milimita 17.

Mama yake mdogo amefariki Gitting. Irene amekwenda kuzika, mimi goti haliniruhusu safari ile. Ameniachia chupa mbili za maji ya mvua na maagizo mara tatu: yakishuka chini ya mstari, ongeza haya matupu, usiongeze kitu kingine. Nimemwambia nimelea watoto sita na ng'ombe wasiohesabika. Akasema, "Najua, baba. Shikamoo," akaondoka.

15 Aprili. Mvua: milimita 42. Umeme unakuja na kuondoka.

Jioni maji yalikuwa yameshuka kidole kizima. Mwenyekiti alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe, na Mtendaji hakula. Nilikaa nikawaza. Ng'ombe akikosa chumvi hulegea hivyo hivyo. Maji ya bahari ni chumvi, maji yakipungua si chumvi nayo imepungua? Bahari gani duniani inaongezwa maji matupu? Niliona mtoto amesahau kitu, au wa mjini hawajui jambo ambalo kila mfugaji wa hapa analijua.

Nilichukua ile chumvi ya Ziwa Balangida ninayowalambisha ng'ombe. Viganja viwili. Niliikoroga kwenye chupa, nikajaza mpaka kwenye mstari. Mtendaji alizunguka kwa kasi, nikaona amepata nguvu. Nimejisikia vizuri.

16 Aprili. Mvua: milimita 29.

Wamekufa wote wawili.

Niliwakuta saa kumi na mbili asubuhi. Maji yalikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Mara moja nilijua ni mimi. Mtu hahitaji kusoma Dar es Salaam ili ajue alichotia kwenye chungu.

Irene alifika saa sita, viatu vimejaa tope la safari. Alisimama mbele ya tangi bila kuvua koti. Aliniuliza kama umeme ulikatika. Nikasema ulikatika. Kuanzia saa ngapi? Kuanzia saa nane usiku mpaka kulipopambazuka. Kila nililojibu lilikuwa kweli. Nimeshakuwa shahidi barazani, najua namna ya kusema kweli na kuacha uongo ujijenge wenyewe.

"Basi ni baridi," akasema. "Nisingeondoka."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nao wazi kabisa. Halafu yeye akachukua ndoo, akaanza kuyateka maji na kuyamwaga nyuma ya zizi, hata bila kuyapima, kwa sababu hakutaka kuyaona. Ndoo ya tatu nilimsaidia kubeba. Ushahidi wangu niliumwaga kwa mkono wangu mwenyewe.

17 Aprili. Mvua: milimita 12. Sijamwambia.

18 Aprili, Ijumaa Kuu. Mvua: milimita 5. Sijamwambia. Ameosha tangi, amelifunika kwa gunia.

19 Aprili. Mvua: hakuna.

Nimekwenda kuungama. Nilianza na hasira na maneno niliyomtupia Felician kuhusu mpaka, mwisho nikaitaja chumvi. Padri akaniuliza kama nimemwambia mwenye samaki. Nikasema bado. Akasema Mungu amesikia, lakini samaki hawakuwa wa Mungu peke yake.

20 Aprili, Pasaka. Mvua: milimita 9.

Tumekula wali na kondoo. Irene aliniwekea ini, kwa sababu napenda. Sijamwambia.

22 Aprili. Mvua: milimita 21.

Baba yangu mimi hakuwahi kumwomba mtoto radhi. Akikosea alikuwa ananunua kitu. Alipomchapa kaka yangu kwa kosa lisilo lake alimletea kaptula kutoka Mbulu, na sote tukaelewa, na neno halikusemwa. Nami leo nimemnunulia Irene mabuti mazuri ya mvua. Alinishukuru kwa magoti yote mawili. Nikaenda zizini nikakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Kaka yangu alijua kwa nini amepewa kaptula. Huyu hajui chochote.

25 Aprili. Mvua: milimita 16.

Irene ameomba robo eka ya bondeni apande vitunguu saumu. Anasema hana mkono wa kufuga kiumbe, heri ashike udongo. Atakaa hapa nyumbani.

Niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomi mtu ila mimi. Nilifurahi. Tangu Efrazia afariki nimekuwa nikila peke yangu nikisikiliza redio, na nimekuwa nikimwomba Mungu mmoja wa watoto arudi. Amerudi mmoja. Kinachotakiwa kwangu ni kunyamaza tu. Nikisema, ataamka, atakwenda Dongobesh, pengine atarudi hata Dar. Nikinyamaza, nitakuwa na mtu wa kunipikia uji mpaka nife, na mtu huyo ataamini mpaka afe yeye kwamba chochote anachokishika hufa.

Nimempa robo eka.

26 Aprili. Mvua: milimita 3. Sijamwambia.

27 Aprili. Mvua: hakuna. Haimbi.

29 Aprili. Mvua: milimita 18.

Leo Sada amekuja. Alikuwa amesikia. Alikaa kwenye kochi, akanywa chai, akazungumza habari za bei ya maharage, mwisho akasema kwa upole kwamba mambo ya samaki tuyaache, kila nchi na kiumbe chake, na Irene asijisumbue moyo. Irene alikuwa amesimama na chupa ya chai. Akasema, "Ni kweli, shangazi. Mimi sina mkono wake."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja urefu wake. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akilia unajua bado anabishana na jambo. Huyu alikuwa ameshakubali.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, lakini mimi nilikuwa nimeyaficha maradhi yangu ndani ya mwili wa mtoto wangu. Niliweka kikombe chini.

"Mkono wa Irene hauna kosa," nikasema. "Samaki nimewaua mimi. Niliwatilia chumvi ya Balangida, viganja viwili, siku ya msiba. Na tangi dogo niliagiza mimi baada ya yeye kukataa."

Sada alinitazama kama vile nimevua shati. Irene hakusogea. Nilitaka kuishia hapo, lakini kulikuwa na neno limebaki, na lilikuwa zito kuliko gunia lolote nililowahi kuinua.

"Nisamehe, mwanangu."

Irene aliweka chupa ya chai mezani, taratibu, akahakikisha imefungwa vizuri. Akatoka nje. Sada naye akaaga. Mlangoni aligeuka akaniambia Efrazia angenipiga na mwiko, na mimi nikasema najua.

30 Aprili. Mvua: milimita 7.

"Shikamoo, baba." Marahaba. Siku nzima hakuna neno jingine. Uji uliletwa, maji ya kuoga yaliletwa, kila kitu cha heshima kilifanyika. Sijawahi kuheshimiwa vikali namna hii.

1 Mei. Mvua: hakuna. Shikamoo. Marahaba.

2 Mei. Mvua: milimita 10.

Shikamoo, marahaba. Lakini jioni alikuja zizini nilipokuwa nakamua, akasimama upande wa pili wa ng'ombe, hivyo nilikuwa naona mabuti tu.

Aliuliza viganja vyangu ni vikubwa kiasi gani. Nikamwonyesha chini ya tumbo la ng'ombe. Akaenda, akarudi na ile chumvi na mizani ya jikoni, akaniambia nichote kama siku ile. Nikachota. Akapima, akaandika kwenye simu. Akaniambia maji yakikauka chumvi hubaki palepale; tena ile si chumvi tupu, ina magadi, na magadi yamebadilisha maji ghafla. Kwenye lita sitini hakuna samaki anayepona. Kwenye mia tatu pengine wangeugua siku mbili tatu, na yeye angerudi akawakuta.

Nikamuuliza kama mimi nisingesema, angejuaje. Akasema asingejua. Angeendelea kuamini.

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia kwa siku kumi na tatu alikuwa akiamka kila alfajiri akihesabu alipokosea, kwanza hapa, halafu Dar, halafu hapa tena, na kila hesabu ilikuwa inamwangukia yeye. Hakupaza sauti. Mimi niliendelea kushika chuchu ya ng'ombe bila kukamua. Nilimwambia sababu nyingine pia, ile ya uji na redio. Kama nasema, niseme yote.

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, baba," akasema.

Nikasema ndiyo.

Baadaye aliinuka akanipokea ndoo ya maziwa, kwa kuwa goti lilikuwa limenikaza.

5 Mei. Mvua: milimita 4.

Amempigia simu Sada. Sikusikiliza. Nilisikia tu akisema "mia tatu, au basi", mara mbili.

6 Mei. Mvua: hakuna.

Tumekwenda wote kwa Modest. Vioo vinene, urefu sentimita mia moja na ishirini, upana hamsini, kimo hamsini. Modest alinigeukia mimi kuthibitisha, kama mafundi wanavyofanya kwa wazee. Nikamwambia amuulize mwenye kazi.

10 Mei. Mvua: milimita 2. Irene amehamia Dongobesh, kwenye chumba cha nyuma kwa Sada. Robo eka ya bondeni nitaipalilia mwenyewe.

17 Mei. Mvua: hakuna. Redio imeharibika. Sijaipeleka kwa fundi.

25 Mei. Mvua: hakuna. Irene alikuja baada ya misa. Ameniambia maji yanakomaa. Alikula, akalala kidogo mchana, akaondoka na mahindi mabichi. Nilipomsindikiza hatukuzungumza sana, lakini ukimya ulikuwa wa kawaida, wa watu waliochoka na jua.

28 Juni. Mvua: hakuna. Mvua za msimu zimekwisha.

Jana nilikwenda Dongobesh kwa mara ya kwanza tangu samaki wapya wafike. Sikujulisha mtu. Tangi limechukua nusu ya ukuta, samaki ni watano, na sebule ilikuwa na wageni: wafanyabiashara wawili wa mbuzi, na mama mmoja na mtoto mgongoni. Wote wameweka simu chini. Irene alikuwa amechutama pembeni, mkono umo ndani ya maji mpaka kiwikoni, akiweka jiwe sawa, na alikuwa anaimba. Hakuniona.

Kwenye kioo, juu upande wa kulia, amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: MTU YEYOTE ASIONGEZE KITU KWENYE MAJI HAYA. HASA BABA.

Niliisoma mara mbili. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi aliisoma kwa sauti, akacheka, akamuuliza Sada huyo baba ni nani, maana lazima kuna kisa. Sada akaniangalia kwa jicho la pembeni, akajishughulisha na vikombe. Alikuwa ananipa nafasi ya kupita kimya kimya, na miezi miwili iliyopita ningepita.

Nilivua kofia, nikavuta kiti.

"Huyo baba ni mimi," nikasema. "Kaeni niwaeleze."